Nicol Bolas Yupi?

Jumamosi moja, baada ya sala ya alasiri, nilikuwa mwamuzi wa mashindano madogo ya mchezo wa kadi uitwao Magic: The Gathering katika chumba cha juu cha nyumba moja Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa. Wachezaji walikuwa kumi na wawili, meza sita, pangaboi moja, na kadi zote zimevalishwa vifuko vya plastiki kwa sababu unyevu wa hapa kwetu huzipinda, hasa zile zenye kung'aa. Kwenye meza ya tatu, kijana wa kidato cha tatu alicheza kadi iitwayo Pithing Needle, yaani sindano. Kadi hiyo humtaka mchezaji achague jina la kadi moja, na tangu hapo kadi yoyote yenye jina hilo haiwezi kutumiwa nguvu ambazo mwenyewe huzianzisha kwa kulipa gharama, isipokuwa zile za kuzalisha mana, yaani nguvu ya kulipia kadi. Katika mchezo wa kwanza kijana huyo alikuwa ameshindwa na kadi ya Nicol Bolas, Dragon-God, na sasa alitaka kuufunga mlango mapema. Akasema, bila kusita, "Nicol Bolas."

Mwenzake, mwanafunzi wa chuo aliyemzidi umri kwa miaka kama mitano, akamwuliza, "Nicol Bolas tu?"

"Ndiyo. Nicol Bolas."

"Haya, sawa."

Zamu nne baadaye yule mkubwa aliiteremsha Dragon-God mezani na kuanza kuitumia. Mdogo akamzuia kwa kuigusa ile sindano yake kwa kidole. Mkubwa akajibu kwa upole kabisa kwamba kadi iliyotajwa ni Nicol Bolas, na hii iliyo mezani haiitwi hivyo. Nikaitwa.

Kwa herufi za jina, yule mkubwa alikuwa na hoja. Ipo kadi inayoitwa Nicol Bolas, basi, bila mkato wala cheo baada ya jina. Ilitoka mwaka 1994 katika toleo la Legends. Ni joka linalogharimu mana nane, linaloruka, na likimdhuru mpinzani humlazimu kuitupa karata yote aliyoishika mkononi. Haina hata nguvu moja ya kuanzishwa kwa kulipa gharama, kwa hivyo kuitajia Pithing Needle ni sawa na kumfunga mdomo bubu. Baada yake zilikuja kadi nyingine za mhusika yuleyule: Nicol Bolas, Planeswalker mwaka 2009, Nicol Bolas, God-Pharaoh mwaka 2017, Nicol Bolas, the Ravager mwaka 2018, na hiyo Dragon-God mwaka 2019, na hizo sizo zote. Siku ile tulikuwa tumeruhusu kadi za miaka yote, kwa hivyo ile ya 1994 ilikuwa halali. Niliamua kwamba kadi iliyotajwa ni hiyo ya 1994, na mchezo ukaendelea.

Kijana alishindwa. Hakugomba. Alizikusanya kadi zake, akazihesabu, akazifunga kwa mpira, kisha akanijia pale nilipokuwa nikiandika matokeo na kuniuliza, "Ami, kwani yeye hakujua niliyemkusudia?"

Nimelifikiria swali hilo kwa muda mrefu kuliko nilivyoufikiria uamuzi wenyewe, na ninaandika makala haya kwa sababu ninaamini niliamua vibaya, na ninaamini pia kwamba kosa langu ni kosa ambalo waamuzi wenye uzoefu mkubwa kuliko wangu wamewahi kulitumbukia. Mwaka 2017, katika mashindano makubwa ya Grand Prix mjini Vancouver, Kanada, mchezaji mmoja alicheza Pithing Needle hiyohiyo na kutaja "Borborygmos". Deki ya mpinzani wake, yaani rundo lake la kadi, ilikuwa imejengwa kumleta Borborygmos Enraged, kadi ya mwaka 2013 inayomwezesha mwenyewe kutupa kadi ya ardhi (aina inayozalisha mana) kutoka mkononi na kumpiga mpinzani pointi tatu, tena na tena, kwa kila ardhi anayoitupa. Lakini kadi iitwayo Borborygmos peke yake ipo pia, ya mwaka 2006, na nayo, kama Nicol Bolas wa kwanza, haina nguvu ya kuzuiwa. Waamuzi walishikilia jina lilivyotamkwa. Wachezaji wa nchi nyingi walibishana juu ya uamuzi huo, na ubishi wao ndio unaonisaidia leo kulipanga wazo langu.

Kanuni za mashindano ya Magic hazidai kwamba mchezaji atamke jina kamili. Zinasema kwamba kadi huhesabiwa kuwa imetajwa pale mchezaji anapotoa maelezo, yawe na jina, sehemu ya jina au yasiwe na jina kabisa, ambayo yanaweza kuihusu kadi moja tu. Kisha zinaongeza sharti ambalo mimi nililisahau siku ile: mchezaji yeyote au mwamuzi akitambua kwamba maelezo bado yana utata, ni wajibu wake kutaka ufafanuzi. Huo ni wajibu, na haumwangukii aliyetaja peke yake.

Tazama sasa ajali ya ajabu inayozaliwa hapo. Mchezaji akisema "Jace", kila mtu anakubali kwamba hajataja kitu, kwa kuwa hakuna kadi iitwayo Jace peke yake. Kuna Jace Beleren, kuna Jace, the Mind Sculptor, kuna Jace, Vryn's Prodigy na wengineo. Hapo mpinzani atauliza ni yupi, na mambo yataenda sawa. Mchezaji akisema "Thalia" ni vivyo hivyo, kwa sababu yuko Thalia, Guardian of Thraben wa mwaka 2012 na Thalia, Heretic Cathar wa mwaka 2016, na hakuna Thalia mtupu. Lakini mchezaji akisema "Nicol Bolas" au "Borborygmos", akiwa na nia ileile, kwa sauti ileile, na akiwa amefupisha kwa kiasi kilekile, anahesabiwa kuwa ametaja kwa usahihi kamili kadi ambayo hakuna mtu mezani aliyekuwa akiifikiria. Tofauti kati ya hali hizi mbili haitokani na ujuzi wala uzembe wa mchezaji. Inatokana na wachapishaji kuamua, miaka mingi iliyopita, kumpa mhusika mmoja jina fupi katika kadi yake ya kwanza na kumnyima mwingine. Sheria inayomwadhibu mtu kwa jambo la namna hiyo haipimi uchezaji.

Wapo wanaosema kwamba usahihi ni sehemu ya ustadi, na nisingependa kuipita hoja yao haraka, maana ina uzito. Mchezo huu ulianza mwaka 1993 na sasa una kadi tofauti zaidi ya 25,000. Anayezijua ana haki ya kufaidika na ujuzi wake. Zipo kadi ambazo kutaja ndiko mchezo wenyewe. Cabal Therapy ya mwaka 2002 humtaka mchezaji ataje kadi isiyo ya ardhi, kisha mpinzani aonyeshe karata zake na kutupa zote zenye jina hilo. Ukikosea kubashiri, umepoteza kadi yako bure. Meddling Mage ya mwaka 2001 huizuia kadi uliyoitaja isichezwe, na thamani yake yote imo katika kujua ni kadi gani inayokuja. Katika Yu-Gi-Oh!, mchezo mwingine wa kadi, iko Mind Crush, ambayo adhabu yake ni kali zaidi: ukitaja kadi ambayo mpinzani hana mkononi, wewe ndiwe unayetupa kadi yako kwa bahati nasibu. Huko kukisia sawa kunastahili tuzo, na kukisia vibaya kunastahili hasara.

Lakini hoja hiyo inachanganya mambo mawili. Kujua ni kadi gani ya kuzuia ni ustadi. Kuipa jina lake kamili la Kiingereza, na mkato wake na cheo chake, ni kazi ya karani. Yule kijana wa Kibokoni alikuwa ameusoma mchezo vizuri kuliko wengi: aliikumbuka kadi iliyomshinda, aliweka sindano yake mapema, na alichagua shabaha inayofaa. Ustadi wote uliotakiwa alikuwa nao. Kilichompungukia ni maneno mawili, "Dragon-God", ambayo yasingebadilisha chochote katika fikra zake wala katika fikra za mpinzani wake.

Hapa nataka kulirudia neno moja la mpinzani huyo, nalo ni "tu". Aliuliza, "Nicol Bolas tu?" Kwa sura ya nje alitimiza wajibu wake wa kutaka ufafanuzi. Nilijitetea kwa hoja hiyo kwa siku kadhaa: aliuliza, akajibiwa, kosa si lake. Hata hivyo kuuliza ili ujue na kuuliza ili uligongelee msumari kosa la mwenzako ni vitendo viwili tofauti, na kila mzungumzaji wa Kiswahili anaisikia tofauti hiyo katika "tu" ile. Mtu anayetaka kujua huuliza, "Yupi?" Anayetaka kufunga mjadala huuliza swali ambalo jibu lake la kawaida ni ndiyo. Mwamuzi anayesikiliza maneno bila kusikiliza lugha hukubali swali la pili kana kwamba ni la kwanza, na ndivyo nilivyofanya.

Sisi wa pwani tuna sababu ya kulielewa jambo hili vyema, kwa kuwa majina ya karata zetu za kawaida hayalingani na picha zake. Kopa, uru, pau na shupaza ni maneno tuliyoachiwa na Wareno, waliojenga Ngome ya Yesu hapa Mombasa kuanzia mwaka 1593 na kufukuzwa mwaka 1698. Kwa asili kopa ni vikombe, uru ni dhahabu, pau ni fimbo na shupaza ni panga. Leo karata ya kopa ina picha ya moyo, na ya pau ina jani lenye sehemu tatu ambalo watoto wengi huliita maua. Mtu akiulizia kopa, mwingine akisema moyo, na wa tatu akionyesha tu kwa kidole, hakuna anayedai kwamba karata haikutajwa. Jina limetimiza kazi yake kwa sababu aina ziko nne na kila mmoja mezani anajua ipi imekusudiwa. Vivyo hivyo katika mchezo wa mitaani unaochezwa kote Kenya, ambapo anayekaribia kumaliza hana budi kutangaza "niko kadi": mwingine husema neno moja tu, "kadi", mwingine hugonga meza akilisema, na wote hukubaliwa, ila anayenyamaza ndiye anayeokota. Kinachoadhibiwa ni kuficha jambo ambalo wenzako wana haki ya kulijua. Ufupi wa maneno hauna adhabu.

Najua kwamba karata hamsini na mbili si kadi elfu ishirini na tano, na kwamba utata wa kweli upo na ni lazima utatuliwe kabla mchezo haujasonga. Ninachokataa ni utata wa kubuni, unaozuka baada ya zamu nne mbele ya meza ambayo ilielewana tangu mwanzo.

Kuna suala la lugha pia, nalo linatugusa sisi zaidi ya wachezaji wa Vancouver. Kanuni za jumla za Magic zinasema kwamba jina la kadi ni jina lake la Kiingereza, hata kama kadi yenyewe imechapwa kwa Kijapani au Kihispania. Hilo lina sababu nzuri, kwani lazima pawe na daftari moja la marejeo. Lakini kwa kijana anayezungumza Kimvita nyumbani, Kiswahili sanifu shuleni, na kukisoma Kiingereza kwa ajili ya mtihani, kudai jina kamili kama "Borborygmos Enraged" ni kumtoza ushuru ambao mzaliwa wa Kiingereza halipi. Kanuni ya maelezo inaufuta ushuru huo. Kijana anaweza kusema kwa Kiswahili chake, "Lile jitu la jicho moja linalotupa ardhi na kupiga tatu," na kwa mujibu wa kanuni ameitaja kadi, kwa sababu hakuna nyingine inayolingana na maelezo hayo. Niwaambie waamuzi wenzangu wa Mombasa, na wa Malindi na Lamu ikiwa wapo: tusiwe wakali kuliko waliotunga sheria. Nimewahi kumsikia mwamuzi akimwambia mtoto wa miaka kumi na miwili kwamba bila jina la Kiingereza hajataja kitu. Hilo halimo katika kanuni.

Isitoshe, kadi zenyewe hufupisha. Kadi nyingi za wahusika mashuhuri hujitaja kwa jina fupi ndani ya maandishi yake, na kanuni zinatambua kwamba jina hilo fupi linamaanisha kadi hiyohiyo. Mwandishi wa kadi anaruhusiwa kile ambacho mchezaji anaadhibiwa kwacho.

Ugumu wa kweli uko mahali pengine, na sina budi kukiri kwamba ndio ulionifanya nisite kuandika mapema. Swali la ufafanuzi hutoa siri. Nikitaja "Thalia" nikiwa na Meddling Mage, na wewe ukaniuliza "Thalia yupi?", huenda umeniambia kwamba unaye Thalia ambaye sikumfikiria. Kuna wachezaji wajanja watakaotaja jina lisilokamilika makusudi ili wausome uso wa mpinzani, kisha wachague kwa kufuata anavyoshtuka. Tukimlazimisha mpinzani aulize kila mara, tunamtaka amsaidie adui yake bila malipo. Hiyo nayo ni dhuluma, na anayetetea wanyonge wa lugha asijifanye haioni.

Ninavyoona mimi, mzigo wa kwanza ubaki kwa anayetaja. Aseme kadi na jambo moja linaloitambulisha: kazi yake, gharama yake, au picha yake. "Nicol Bolas, yule anayenilazimisha kuondoa kadi moja, ya mkononi au ya mezani." Hapo wa mwaka 1994 ametoka, na Dragon-God amebaki. Akishindwa kufanya hivyo, mpinzani asiulize "yupi" kwa jicho la mtu mwenye kadi mkononi, bali ainue mkono amwite mwamuzi, na mwamuzi amtake mtajaji akamilishe maelezo yake kabla ya kuambiwa lolote kuhusu deki ya mwenzake. Mwamuzi haorodheshi chaguo. Anasema tu, "Maelezo yako yanahusu kadi zaidi ya moja, endelea." Kwa njia hiyo swali linatoka kinywani mwa mtu asiye na kadi, na halibebi siri ya mtu.

Mtajaji akishakamilisha na mpinzani akaendelea na mchezo, hakuna kurudi nyuma. Aliyekusudia kadi moja akaeleza nyingine kwa sababu hakujua, ameshindwa kihalali. Kama yule kijana angesema, "Nicol Bolas, lile joka linaloruka la mana nane," ningemhukumu bila kusita, hata kama machozi yangemlengalenga. Lakini ikiwa ni dhahiri, kwa yaliyotokea katika mchezo uliotangulia na kwa kazi ya kadi iliyochezwa, kwamba wote wawili walijua ni ipi, basi mwamuzi aamue kwa kile walichokijua. Haihitaji kusoma mioyo ya watu. Inatosha kuuliza: je, kulikuwa na mtu mmoja mezani aliyeamini, wakati ule, kwamba kadi ya 1994 ndiyo iliyotajwa? Kama hakuna, haiwezi kuwa ndiyo iliyotajwa.

Wanaocheza kwa kompyuta, katika Magic Online au Arena, hawana tatizo hili, kwani programu huwaonyesha orodha nao huchagua. Baadhi ya vijana wetu wameanza kudai kwamba tufanye hivyo mezani, kila mtu afungue simu na kuonyesha picha ya kadi. Siipingi simu pale mtajaji anapoitaka, ingawa ninaona ugumu wa kuruhusu simu wazi katikati ya raundi ya dakika hamsini, ambapo ujumbe wa rafiki unaweza kuingia wakati wowote. Karatasi ninaipenda zaidi. Kila mchezaji tayari anayo moja ya kuandikia pointi za uhai. Ataje kwa mdomo, kisha aandike humo neno au mawili ya kuitambulisha kadi, na mpinzani aone. Zamu nne baadaye hakuna atakayebishana na mwandiko.

Nilimtafuta yule kijana wiki mbili baadaye, nikamwambia mbele ya mpinzani wake kwamba uamuzi wangu haukuwa sahihi na kwamba matokeo yaliyoandikwa siwezi kuyabadilisha. Mpinzani alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia: kwamba siku ile angalau mara tatu alitaka kuniambia kuwa alimwelewa mwenzake tangu neno la kwanza, lakini alipoona mimi mwenyewe nimekubali, alidhani sheria ndiyo hiyo. Wakaketi kucheza. Nilimwona mdogo akiandika kwa penseli pembeni ya karatasi yake, chini ya ishirini ya pointi za kuanzia, "Bolas 2019".